Shangazi alisema ni maji

Kimya kingi kina mshindo. Najua nimepotea hapa uwanjani kwa wiki kadhaa, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama bado nipo hai. Nipo, jamani. Chumba cha habari kilinibana, na mhariri wangu naye hana dogo. Leo nimerudi na deni, na deni lenyewe ni la kumwomba radhi shangazi yangu. Njia ya kumwomba radhi ni ndefu kidogo: inapita Uingereza ya karne ya 19, kwenye mji mdogo uitwao Burton upon Trent, ndipo irudi Dar es Salaam. Vuteni viti.

Nianze na kosa langu. Shangazi ni mpika mbege. Kule kwetu Kilimanjaro jina lake linajulikana vijiji vitatu, na likitajwa kwenye harusi watu huuliza mapema kama ndiye aliyepika. Kwa wale wasioijua mbege, ni pombe ya ndizi mbivu zilizochemshwa kwa saa nyingi na kuachwa zichachuke, kisha zikachanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Katikati ya mambo hayo linaingia gome la mti wa msesewe. Msesewe ndio unaotia uchungu. Bila huo, mbege ni tamu kama togwa ya watoto.

Miaka minne iliyopita shangazi alihamia Dar kukaa na mwanawe. Mwaka huohuo ikaja posa ya binti wa ukoo, naye akaombwa apike. Ndizi zililetwa kwa basi kutoka Moshi. Ulezi alikuja nao mwenyewe. Gome la msesewe lilifungwa kwenye gazeti, nadhani lilikuwa letu. Kitu pekee cha Dar kilikuwa maji: nusu ya bomba, nusu ya kisima cha jirani.

Wazee walipokea kata, wakaonja, wakashukuru. Kata zikarudi zimejaa. Mwenye kuwajua Wachagga anaelewa hiyo ni hukumu ya namna gani.

Shangazi alikaa kwenye kigoda jikoni, akaionja mwenyewe, akatema. Akasema, "Maji ya huku siyo, mwanangu. Uchungu unashika ulimi halafu hauondoki." Vijana tuliokuwepo tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, kwa kuwa nina shahada. Nikamwambia, "Shangazi, maji ni maji. Haidrojeni mbili na oksijeni moja, Moshi na Dar ni yaleyale." Hakunijibu. Hajapika mbege tena tangu siku ile.

Basi hivi karibuni nilikuwa natafuta habari za historia ya bia kwa ajili ya makala nyingine kabisa, nikakutana na mji wa Burton. Nilivyozidi kusoma ndivyo aibu ilivyozidi kunipanda.

Burton upon Trent uko Staffordshire, katikati ya Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 11 ilianzishwa hapo abasia, na watawa wake walipika bia kama watawa wengi wa enzi zile. Ardhi ya mji huo ina matabaka ya jasi. Jasi ni lile jiwe laini jeupe ambalo mafundi wetu wanaliita jipsamu, linalotengenezewa dari na plasta. Maji ya mvua yanapopenya kwenye matabaka hayo huyeyusha jiwe kidogokidogo, na yanapofika kisimani yamebeba mzigo mkubwa wa kalsiamu na salfeti. Vipimo vya visima vya Burton huonyesha salfeti inayozidi miligramu 600 katika lita moja. Hayo ni maji magumu kwelikweli. Sabuni haitoi povu, na chai nadhani hamtaisifu.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu bia inavyopikwa. Shayiri huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa. Hicho ndicho kimea, ndugu yake ulezi wa shangazi. Kimea husagwa na kutiwa kwenye maji ya moto ili wanga ugeuke sukari. Maji hayo matamu huchujwa na kuchemshwa pamoja na hopsi, maua ya kijani ya mmea unaotambaa, ambayo hutia uchungu na harufu na kuwazuia bakteria. Hopsi ndiyo msesewe wa Wazungu. Kisha hutiwa hamira, na kazi inabaki kwa siku. Ukipima kilichomo kwenye glasi, zaidi ya asilimia 90 ni maji.

Sasa twende London. Maji ya visima vya London yana bikaboneti nyingi, ile chumvi inayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Bikaboneti hupinga asidi. Ukipikia kimea cheupe kwa maji ya namna hiyo, asidi inayotakiwa haipatikani, maganda ya nafaka yanatoa ukakasi, na hopsi zinatoa uchungu mkali unaokwangua koo na kubaki palepale. Kimea kilichochomwa hadi kuwa na rangi nzito, kwa upande wake, kina asidi yake chenyewe, nayo inaizima bikaboneti. Ndiyo maana London ya karne ya 18 ilitamba kwa bia nyeusi iliyoitwa porter. Wapishi wa London hawakujua kemia hiyo. Walijua tu kwamba nyeusi inatoka vizuri.

Hebu rudi juu usome tena maneno ya shangazi. Uchungu unashika ulimi halafu hauondoki. Nilipofika hapa nilifunga kompyuta nikaenda kunywa maji.

Turudi kwenye historia. Wakati huo kulikuwa na Waingereza wengi India, wanajeshi na watumishi wa Kampuni ya Mashariki ya India, na wote walikuwa na kiu. Bia ilisafirishwa kwa meli za matanga kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya miezi kadhaa, ikivuka joto la ikweta mara mbili. Aliyetawala biashara hiyo alikuwa George Hodgson, mwenye kiwanda eneo la Bow, mashariki ya London, kilichoanza mwaka 1752. Watu wengi husema Hodgson ndiye aliyeibuni India Pale Ale. Sivyo. Bia nyeupe zenye hopsi nyingi zilikuwepo kabla yake. Bahati yake ilikuwa jirani: kiwanda kilikuwa karibu na gati za meli za kampuni, naye aliwakopesha manahodha kwa muda mrefu. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaujua ujanja huo.

Burton nao walikuwa na soko lao: Urusi na nchi za Baltiki, walikopeleka bia tamu, nzito, yenye rangi. Mwaka 1822 Urusi ikapandisha ushuru, soko likafa. Hapo ndipo inaposimuliwa hadithi ya Samuel Allsopp, mwenye kiwanda Burton, aliyealikwa chakula na Campbell Marjoribanks, mkurugenzi wa Kampuni ya Mashariki ya India. Marjoribanks alikuwa amechoshwa na ukoo wa Hodgson. Akampa Allsopp chupa ya bia yao, akamuuliza kama anaweza kuiga. Allsopp akampelekea mtaalamu wake wa kimea, Job Goodhead, naye akapika sampuli ya kwanza ndani ya birika la chai.

Birika la chai, jamani! Sisi waandishi tunajua kwamba hadithi tamu kiasi hiki huwa imepita mikono mingi. Kilichofuata, hata hivyo, kimo kwenye vitabu vya hesabu: Burton ikaingia India, Bass akamfuata Allsopp, na ukoo wa Hodgson ukaporomoka. Bia ya Burton ilitoka nyeupe zaidi na safi zaidi, na uchungu wake ulikuwa mkavu: unauma, unakata, unaondoka, unatamani funda jingine. Glasi mpya ilikuwa na harufu kidogo ya njiti ya kibiriti iliyowashwa sasa hivi. Hiyo ilikuwa salfeti ikijitambulisha.

Reli ilifika Burton mwaka 1839, na mji ukafumuka. Kufikia miaka ya 1870 kiwanda cha Bass kilihesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Tarehe 1 Januari 1876 sheria mpya ya alama za biashara ilipoanza kazi Uingereza, pembetatu nyekundu ya Bass ikaandikishwa kuwa namba 1. Ukiangalia mchoro wa Édouard Manet wa mwaka 1882, ule wa mhudumu wa baa ya Folies-Bergère mjini Paris, utaziona chupa zenye pembetatu hiyo juu ya kaunta.

Na London je? Matajiri wa London walijaribu kupika bia ya aina hiyo nyumbani wakashindwa kuifikia. Wakafanya nini? Wakahamia kwenye maji! Ind Coope wakafungua kiwanda Burton mwaka 1856, Charrington mwaka 1872, Truman mwaka 1873. Fikiria mtu anatoka kwenye mji mkuu wa dola kubwa kuliko zote, anajenga kiwanda kizima kwenye mji mdogo, kwa sababu ya kisima. Wale hawakuwa na shahada yangu. Wangemwelewa shangazi bila kumcheka.

Hapa inakuja sehemu ninayoipenda kama mwandishi wa habari, maana fani yetu inaingia kwa mlango wa aibu. Mwaka 1852 magazeti ya Uingereza yalieneza habari kutoka Paris kwamba mkemia Mfaransa, Anselme Payen, alisema kwenye mhadhara kuwa wapishi wa bia wa Uingereza wanatia striknini ili kuongeza uchungu. Striknini ni sumu ya panya. Taharuki ikawa kubwa. Allsopp wakawaita wakemia wawili wakubwa wa London, Thomas Graham na August Wilhelm Hofmann, wachunguze bia, na wakafungua milango yote. Sumu haikuwepo. Habari ilikuwa uongo, lakini milango iliyofunguliwa kwa wakemia haikufungwa tena. Mwaka 1862 msaidizi wa Hofmann, Mjerumani Peter Griess, aliajiriwa na Allsopp, na mwaka 1866 Cornelius O'Sullivan akaingia Bass. Mji wa wapishi ukawa mji wa maabara.

Siri haikukaa sana baada ya hapo. Mwaka 1878 mkemia C. W. Vincent alieleza kwamba nguvu ya maji ya Burton iko hasa kwenye kalsiamu salfeti, yaani jasi. Kumbe unaweza kununua jasi, ukaipima, ukaitia kwenye maji yako laini hukohuko uliko. Waingereza wakalifanya jina la mji kuwa kitenzi. Kwa Kiswahili tungesema "kuburtonisha". Kisima ambacho matajiri wa London walikifuata kwa reli sasa kiliingia kwenye gunia.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kalsiamu hukutana na fosfeti zilizomo kwenye kimea, na mkutano huo huachia asidi. Asidi ikifika kiwango kizuri, pH ya 5.2 hadi 5.6 hivi, vimeng'enya hufanya kazi yao vizuri na maganda hayatoi ukakasi. (Kipimo chenyewe cha pH kilibuniwa na Søren Sørensen mwaka 1909 ndani ya maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Ndiyo, pH uliyoikariri kidato cha tatu ilizaliwa kiwanda cha bia.) Salfeti nayo huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na wenye kukata. Kloridi hufanya kinyume: huijaza bia mdomoni, huifanya ionekane laini na tamu zaidi.

Msidhani kwamba chumvi nyingi ndiyo dawa. Tarehe 5 Oktoba 1842, huko Plzeň, Bohemia, Josef Groll alipika bia ya rangi ya dhahabu ambayo imezaa karibu bia zote tunazokunywa baa leo. Maji ya Plzeň karibu hayana chumvi kabisa. Yapo karibu na maji ya mvua. Hopsi za huko hutoa uchungu mpole juu ya maji mapole. Tia jasi ya Burton humo, umeiharibu.

Wanaopika bia nyumbani ndio waliolibeba jambo hili hadi jikoni. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuruhusu mwaka 1978. Wapishi hao wa gereji walipoanza kupenda bia zenye hopsi nyingi, waligundua kwamba unaweza kununua hopsi bora na bia ikatoka butu kwa sababu ya bomba. Siku hizi wengi huanza na maji yaliyochujwa hadi chumvi karibu zote zitoke, kisha huzirudisha kwa mizani ndogo.

Hesabu yake haitishi. Gramu 1 ya jasi katika lita 10 za maji huongeza takriban miligramu 23 za kalsiamu na 56 za salfeti kwa kila lita. Gramu 1 ya kalsiamu kloridi ile ya chembechembe, katika lita hizohizo 10, huongeza kalsiamu kama 27 na kloridi kama 48. Anayetaka bia kavu yenye uchungu unaokata huipeleka salfeti hadi 150 au 300 na kuiacha kloridi chini. Anayetaka zile bia za ukungu zilizoanzia Vermont, zinazonukia kama juisi ya embe, hugeuza mizani, kloridi ikawa juu. Wachache sana hufika 600 za Burton. Ladha yake huanza kuwa ya madini.

Na kabla ya chumvi zote, kuna klorini. Maji ya bomba hutiwa klorini ili tusiugue, na ni jambo jema. Klorini hiyo ikikutana na viambato vya kimea na hamira huzaa harufu ya plasta ya kidonda, na pua huinasa hata ikiwa kidogo sana. Kuyachemsha maji au kuyaacha wazi usiku kucha huondoa klorini ya kawaida. Ikiwa ni kloramini, haiondoki kirahisi hivyo, na wapishi hutumia chembe ya metabisalfiti.

Sasa turudi Dar. Visima vingi vya pwani vina chumvi, kwa sababu maji ya bahari huingia chini kwa chini. Bomba lina klorini. Kule kwetu shangazi alizoea maji ya chemchemi na mfereji, yanayoshuka kutoka msituni. Sikupima maji ya siku ile ya posa, na mbege si pale ale. Ndizi, ulezi na msesewe vina kemia yake, na sijaona aliyekaa nayo maabara kama Griess alivyokaa na bia ya Allsopp. Lakini swali la shangazi lilikuwa swali halali, lilelile lililowahamisha matajiri wa London. Mimi nililijibu kwa fomula ya darasani na kicheko. Kosa langu si kwamba sikujua. Ni kwamba yeye alikuwa ametumia ulimi wake kwa miaka 40 kwenye kazi hiyohiyo, nami nikadhani ulimi si kipimo. Wale wapishi wa Burton na London walikuwa na nini kabla ya 1878, kama si ulimi?

Jambo jingine linanichekesha na kuniuma kwa pamoja. Basi la Moshi kwenda Dar hupita Makanya, wilayani Same. Makanya kunachimbwa jasi. Shangazi alipita hapo na ndizi zake na gome lake la msesewe, dirisha likimwonyesha vumbi la jiwe lilelile lililoutajirisha mji wa Uingereza, na hakuna kati yetu aliyemwambia. (Tafadhali, usiende kuokota jiwe la Makanya ukatia kwenye sufuria. Jasi ya kupikia ni ile iliyosafishwa kwa ajili ya chakula. Hata anayetengeneza tofu huitumia.)

Jumapili nilikwenda kwake. Nilimsimulia yote: birika la Goodhead, striknini, London kuhamia kisimani. Alisikiliza huku anachambua mchele. Nilipomaliza nikasema, "Shangazi, naomba unisamehe. Ulisema ni maji, nikakucheka."

Akaendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Huyo wa jasi, alikuwa anapika mwenyewe?"

Nikasema hapana, alikuwa mkemia.

"Basi kuna mtu alimwambia ladha imekosea wapi," akasema.

Tumekubaliana hivi. Wiki ijayo binamu yangu anashuka kutoka Moshi na madumu mawili ya maji ya chemchemi, ya lita 20 kila moja. Shangazi atapika vyungu viwili, ndizi zilezile, ulezi uleule, gome lilelile: kimoja kwa maji ya mlimani, kingine kwa maji ya bomba yaliyolala wazi usiku kucha. Kazi yangu ni kukuna ndizi na kuandika. Wazee walewale wa posa wataonja bila kuambiwa kipi ni kipi. Kata zikirudi tupu au zikirudi zimejaa, nitawaleteeni hapahapa.